Namna ya Kukusanya na Kuandika Simulizi za Waliokutana na Mwalimu wa Kiroho wa Kihindu

Mtoto wa miaka kumi aliyekuwa Mombasa mwaka 1955, Yogiji Maharaj, mwalimu wa kiroho wa Kihindu, alipofika kutoka Gujarat, magharibi mwa India, leo ni mzee aliyetimiza miaka themanini. Wa rika lake wanazidi kupungua, na mengi waliyoyaona yangali vinywani tu. Yaliyokwisha kuandikwa yameandikwa zaidi kwa Kigujarati na Kiingereza, na mara nyingi kwa nia ya kuwatia nguvu waumini wenzao, jambo ambalo lina nafasi yake lakini halimtoshi mjukuu anayetaka kujua siku ile ilikuwaje. Mwongozo huu ni kwa ajili ya mjukuu huyo, pamoja na mwanafunzi wa historia, mwandishi wa habari, au jirani asiye Mhindu ambaye amesikia simulizi hizi kwa miaka mingi na sasa anataka kuzihifadhi. Kazi kubwa ya anayekusanya ni kutenganisha lililotokea siku ya kukutana na maana ambayo msimuliaji amelipa baadaye, kisha kuyahifadhi yote mawili. Akihifadhi tukio peke yake atakuwa na ratiba ya ziara. Akihifadhi maana peke yake atakuwa na mahubiri.

Mjue mwalimu kabla ya kumtafuta msimuliaji

Mzee akisema "Swami alipokuja", usidhani unajua anamsema nani. Jumuiya za Kihindu za Afrika Mashariki zimepokea walimu wa mapokeo tofauti, na kila mmoja alikuwa na namna yake ya kukutana na watu. Katika jumuiya inayojulikana kama BAPS, mojawapo ya jumuiya za wafuasi wa Swaminarayan, mwalimu wa Kihindu wa Gujarat aliyeishi zamani, iliyoanzishwa Gujarat na Shastriji Maharaj mwaka 1907, mwanzilishi mwenyewe hakufika huku. Wafuasi wake wa hapa, wakiwamo wafanyakazi wa reli, waliendeleza uhusiano naye kwa barua. Mrithi wake, Yogiji Maharaj, alikuja mwaka 1955, akarudi mwaka 1960 na tena mwaka 1970, na katika safari ya kwanza hekalu la Mombasa liliwekwa wakfu. Aliyemfuata, Pramukh Swami Maharaj, aliiongoza jumuiya hiyo tangu mwaka 1971 hadi alipofariki Agosti 2016, alizuru Afrika Mashariki mara nyingi, na mwaka 1999 aliliweka wakfu hekalu la mawe ya kuchonga la Nairobi. Usiwachanganye wafuasi hao na jumuiya nyingine za Swaminarayan, hasa Wakachi wengi wa Nairobi na Mombasa, yaani wenye asili ya Kutch huko Gujarat, ambao mahekalu yao yanafuata uongozi wa Bhuj, mji mkuu wa Kutch, kwa sababu kosa hilo moja linaweza kuufunga mlango kabla chai haijaletwa.

Sathya Sai Baba, mwalimu wa kiroho kutoka kusini mwa India, ni habari nyingine kabisa. Alikuja mara moja tu, katikati ya mwaka 1968, akafika Nairobi na Kampala, na safari hiyo ndiyo pekee aliyoifanya nje ya India katika maisha yake yote hadi alipofariki Aprili 2011. Naye Mata Amritanandamayi, ambaye wafuasi humwita Amma na ambaye huwapokea watu kwa kuwakumbatia mmoja mmoja, alifika Kenya mwaka 2011. Atakayerekodi simulizi za Amma atakutana na kumbukumbu za karibuni, nyingi zikiwa na picha za simu. Atakayerekodi za mwaka 1955 au 1968 atategemea kumbukumbu ambayo imesimuliwa upya mara nyingi mno. Kazi hizo mbili hazilingani kwa ugumu.

Fahamu "kukutana" kuna sura ngapi

Kwa Mhindu muumini, kumwona mwalimu na kuonwa naye, yaani darshan, ni tukio kamili lisilohitaji mazungumzo. Mtu anaweza kukuambia kwa dhati kwamba alikutana na mwalimu wake, kumbe alisimama safu ya ishirini uwanjani na macho yao yakakutana kwa sekunde mbili. Hajakudanganya. Wengine walitembelewa nyumbani, na picha ya ziara hiyo ingali ukutani sebuleni. Wengine walipata barua, na wapo ambao mkutano wao muhimu ulikuwa ndotoni. Waliokuwa watoto au vijana wakati wa Yogiji Maharaj hukumbuka zaidi kofi zito alilokuwa akiwapiga watu mgongoni kama baraka, na ukiwauliza habari za mafundisho yake watakurudisha kwenye kofi hilohilo. Basi swali la kwanza la kujiuliza unapopanga kazi ni aina gani za kukutana utazihesabu, na ushauri wangu ni uzihesabu zote, mradi kila moja uiite kwa jina lake.

Suala la wanawake linahitaji uangalifu wa pekee. Watawa wa Swaminarayan hawazungumzi na wanawake ana kwa ana wala hawawagusi, na katika mikutano ya ibada wanawake hukaa sehemu yao. Kwa hiyo mkusanyaji anayetafuta mazungumzo, utani na mikono ya baraka pekee atamaliza na kitabu cha wanaume, hata kama wanawake ndio waliokuwa nusu ya ukumbi. Muulize bibi aliona nini kutoka pale alipokaa, alisikia sauti ya namna gani, mume au kaka yake aliporudi nyumbani alisimulia nini, na yeye mwenyewe alifanya kazi gani za kujitolea wakati wa ziara. Majibu ya maswali hayo ndiyo yanayoonyesha ziara ilivyoendeshwa hasa, kwa kuwa aliyekaa mbali aliona ukumbi mzima ilhali aliyekuwa mbele alimwona mtu mmoja.

Adabu ya kuingia

Omba miadi kupitia mtu wa familia, usipige simu ya ghafla. Ukiwa kijana, msalimie mzee shikamoo. Wengi wa wazee hawa wamekulia hapa, wanaijua salamu hiyo na wanaipokea. Vua viatu mlangoni. Usimpe mkono mwanamke mpaka yeye autangulize wake. Usipeleke zawadi ya chakula chenye nyama au mayai, na kwa familia za Swaminarayan epuka pia vitunguu maji na vitunguu saumu. Matunda hayana matata. Kama mahojiano yatafanyika hekaluni, uliza saa za ibada na usizikatize. Kama anayekusanya ni mwanamke na anataka maelezo ya mtawa wa Swaminarayan, atafute mwenzake wa kiume wa kwenda kwa niaba yake akiwa na maswali yaliyoandikwa, na asilichukulie jambo hilo kuwa dharau kwake binafsi, maana hata mama mzazi wa mtawa huwekewa mpaka huohuo.

Kabla ya kuwasha kinasa sauti, eleza simulizi itatumika wapi na nani ataisoma, kisha upate ridhaa kwa maandishi au kwa sauti. Imani ya mtu ni habari nyeti. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inaitaja hivyo. Msimuliaji awe huru kuomba jina lake lisitajwe, na awe huru kubadili mawazo baadaye.

Maswali yaanze na mahali, yamalizie na maana

Waliokwisha kusimulia mbele ya mkutano wa ibada mara nyingi wana simulizi iliyokaa sawa mdomoni: ina mwanzo, kilele na funzo, na maneno yake hayabadiliki. Iache itiririke yote mara ya kwanza bila kuikatiza. Baada ya hapo ndipo kazi inapoanza, nayo ni kurudi nyuma kwa maswali ya vitu vidogo ambavyo simulizi ya mkutanoni haikuvihitaji.

Mfano mzuri wa namna ya kuanza umo ndani ya mapokeo ya Swaminarayan yenyewe. Vachanamrut, mkusanyo wa mazungumzo ya Swaminarayan ya kati ya mwaka 1819 na 1829 ulioandikwa na watawa wake, huanza kila mazungumzo kwa kutaja tarehe, kijiji, mahali alipokuwa ameketi, mavazi aliyovaa na watu waliokuwa wamekusanyika mbele yake. Mafundisho huja baada ya hayo. Waandishi hao walikuwa waumini wa kupindukia, lakini hawakuona kwamba kutaja kitanda, mti na kilemba kunapunguza utukufu wa mwalimu wao. Nawe fanya hivyohivyo. Ulikuwa umesimama wapi? Nani alikuwa kulia kwako? Mlifikaje pale, kwa gari la nani? Ilikuwa kabla ya chakula au baada yake? Mwalimu alikuwa ameketi juu ya nini? Mzee anayeulizwa habari za gari huanza kuliona gari, na akiliona gari huwaona waliokuwamo, na hapo hutoka majina na maneno ambayo hajayasimulia kwa miaka mingi.

Uliza pia juu ya lugha, swali ambalo wengi hulisahau. Sathya Sai Baba alihutubia kwa Kitelugu, lugha ambayo Wagujarati na Wapunjabi wa Kampala hawakuijua, na hotuba zake zilifasiriwa. Msimuliaji akikunukulia maneno ya hotuba, basi kinachonukuliwa ni maneno ya mkalimani, na ni haki kuandika hivyo. Akikunukulia maneno aliyoambiwa faraghani, uliza yalisemwa kwa lugha gani na nani mwingine alikuwepo.

Halafu uliza habari za kabla ya siku yenyewe. Je, alikwenda kwa hamu, kwa kulazimishwa na wazazi, au kwa udadisi tu? Alitarajia kuona nini? Watu wengi walioishia kuwa waumini wakubwa watakiri, wakiulizwa kwa upole, kwamba siku ya kwanza walichoka, walikuwa na njaa, au hawakuhisi lolote. Usilichukue jibu hilo kama ufa wa kuuvunjia ukuta. Ni sehemu ya safari yao, na mara nyingi ndiyo sehemu yenye ukweli mwingi. Mwisho kabisa, baada ya yote hayo, uliza: tukio lile lilianza lini kuwa na maana kubwa kwako, na nani alikuwa wa kwanza kumsimulia? Usilitangulize swali hili, kwa sababu likitangulia litayameza mengine.

Kutafuta tarehe

Wazee wa Kigujarati mara nyingi hutaja mwaka wa Samvat, kalenda yao ambayo mwaka mpya huanza siku inayofuata Diwali. Kwa tukio la kati ya Januari na Diwali, toa 56 kwenye mwaka wa Samvat ili upate mwaka wa kawaida; kwa tukio la baada ya Diwali hadi mwisho wa Desemba, toa 57. Ziara ya Sathya Sai Baba ya mwaka 1968 ilikuwa Samvat 2024. Asiyekumbuka mwaka wowote msaidie kwa matukio ambayo kila mtu anayakumbuka: Hali ya Hatari nchini Kenya iliyoanza Oktoba 1952 na kumalizika Januari 1960, Uhuru wa Tanganyika Desemba 1961, wa Uganda Oktoba 1962 na wa Kenya Desemba 1963, Mapinduzi ya Zanzibar Januari 1964. Waliokuja kwa meli hukumbuka jina la meli kwa uhakika wa ajabu. Karanja na Kampala, zilizosafiri kati ya Bombay na pwani yetu, zimo katika kumbukumbu za familia nyingi.

Tarehe zikipingana, usimsahihishe mzee mbele ya wajukuu wake. Andika alivyosema, na katika maelezo yako eleza inayowezekana zaidi na kwa nini.

Simulizi iliyokua baada ya tukio

Hapa ndipo penye ugumu wa kweli. Miaka minne baada ya ziara ya mwaka 1968, Agosti 1972, Idi Amin alitangaza kuwafukuza Waasia wa Uganda na kuwapa siku 90. Wale waliomwona Sathya Sai Baba Kampala walitawanyika, wengi wao Uingereza, Kanada na India. Baadhi ya waumini husimulia kwamba aliwaonya mapema waondoke Uganda. Mkusanyaji afanye nini na simulizi kama hiyo? Asiitupe, na asiichapishe kama habari iliyothibitika. Aulize maneno yenyewe yalikuwa yapi, yalisemwa wapi, na hasa msimuliaji alifanya nini baada ya kuyasikia. Familia iliyouza duka mwaka 1969 na kuhamisha fedha iliyaelewa maneno hayo kuwa onyo tangu mwanzo. Familia iliyonunua kiwanja mwaka 1970 iliyaelewa vingine, na maana ya onyo iliingia baada ya kufukuzwa, watu walipokuwa wakitafuta namna ya kuubeba msiba huo. Aina zote mbili za familia zinaweza kusimulia kwa unyofu kabisa. Barua za miaka ile, hati za mauzo na daftari za duka zitakuonyesha ni ipi kati ya hizo mbili unayozungumza nayo, na kwa hiyo uliza kuhusu karatasi za zamani kabla hazijatupwa wakati wa kuhama nyumba.

Simulizi pia hukua midomoni mwa watu wengine, bila mhusika kushiriki. Mwandishi Mwingereza W. Somerset Maugham alikwenda mwaka 1938 kumwona Ramana Maharshi, mwalimu wa kiroho wa Kihindu, huko Tiruvannamalai, kusini mwa India, akazimia kabla ya kuingia katika ukumbi, na Ramana akaja kuketi karibu naye kimya. Baadaye ilienea habari nchini India kwamba mgeni huyo alikuwa amezama katika hali ya juu ya kiroho. Maugham mwenyewe aliandika miaka mingi baadaye kwamba aliwahi kuzimia kabla ya hapo pia, na kwamba hakuona ajabu yoyote ndani yake. Mkusanyaji ambaye angewahoji walioshuhudia bila kumhoji aliyezimia angepata nusu ya habari, na angekuwa na mashahidi wengi wa nusu hiyo.

Kuhusu miujiza, kama majivu matakatifu ambayo waumini wa Sathya Sai Baba husema waliyaona yakitoka katika kiganja kitupu, na ambayo wapinzani wake waliyaita kiini macho, taja wazi mara moja kwamba haya ni maelezo ya msimuliaji, kisha mwache azungumze. Kuweka "eti" au "inadaiwa" katika kila sentensi ni kumkejeli mtu aliyekukaribisha nyumbani kwake. Msomaji ana akili. Ameshaelewa nani anasema.

Sauti zinazosahaulika

Tafuta aliyeacha imani, aliyevunjika moyo, na mtoto wa muumini ambaye hakuwahi kuvutiwa. Sathya Sai Baba alishutumiwa vikali na baadhi ya waliokuwa wafuasi wake, na mkusanyo unaowaacha nje watu wa namna hiyo haufai kuitwa historia. Tafuta pia Waafrika waliokuwepo: dereva, mpishi, askari wa lango, fundi mwashi wa hekalu. Walimwona mwalimu kwa karibu, mara nyingine kwa karibu kuliko matajiri waliopanga foleni, na hakuna aliyewauliza. Simulizi zao ziko kwa Kiswahili tayari.

Kuandika

Nakili mazungumzo neno kwa neno kwanza, pamoja na mahali ambapo msimuliaji alichanganya Kiswahili na Kigujarati au Kikachi. Maneno kama darshan, prasad (chakula kilichobarikiwa) na seva (kazi ya kujitolea) yaache yalivyo na uyaeleze mara ya kwanza tu. Unapotayarisha toleo la kusomwa, punguza marudio lakini usimpambie lugha. Linganisha mifano hii miwili niliyoibuni. Wa kwanza: "Nilipomwona Swami, maisha yangu yalibadilika palepale na moyo wangu ukajaa amani." Wa pili: "Baba alinishika mkono tukapanga foleni ya wanaume. Nilikuwa na njaa, macho yangu yalikuwa kwenye sahani ya prasad. Nilipofika mbele alinipiga kofi mgongoni, akacheka, nami nusura nilie. Jioni mama aliniambia nimebarikiwa. Nilikuja kuamini hivyo nikiwa mtu mzima, baada ya baba kufariki." Wa kwanza ungeweza kusemwa na yeyote juu ya mwalimu yeyote. Wa pili una baba, mama, njaa na miaka iliyopita kabla ya imani, na muumini hapotezi chochote kwa kuusoma.

Juu ya kila simulizi weka maelezo mafupi ya mahojiano yalifanyika lini, wapi, kwa lugha gani na mbele ya nani. Hili la mwisho si dogo, kwani mzee anayehojiwa mbele ya mtawa au mbele ya mwanawe mwenye shaka hatasema yaleyale.

Toleo likiwa tayari, mrudishie msimuliaji na umsomee kwa sauti kama macho yamechoka. Akitaka kuondoa jambo, liondoe. Akitaka kuongeza muujiza ambao hakuutaja kwenye mahojiano, uandike kama nyongeza yenye tarehe ya siku hiyo, usiuchomeke katikati ya simulizi ya kwanza. Picha za ukutani zipige nakala hapohapo nyumbani, na nyuma ya kila picha halisi uandikwe kwa penseli mwaka, mahali na majina, yakiwamo ya wale walio pembeni. Sauti ihifadhiwe sehemu mbili tofauti, nakala moja ikikaa na familia na nyingine katika maktaba au hekalu ambalo msimuliaji mwenyewe amelichagua.